Jicho la Angani na Mkono wa Jirani

Wahenga walisema kwamba pafukapo moshi pana moto. Methali hii hufundishwa shuleni kama jambo lisilo na utata: dalili ikionekana, chanzo kipo. Lakini mtu akisimama Kidia, katika Old Moshi, alfajiri ya mwezi wa Oktoba, ataona kwamba jambo lenyewe si jepesi hivyo. Moshi unafuka kila mahali. Unapenya katika mapaa ya majiko, unapita baina ya migomba na mibuni, unatanda juu ya vihamba kama shuka nyepesi. Huo ni moshi wa chai, wa uji wa watoto, wa maji ya kuogea wazee. Hakuna apigaye yowe kwa kuuona. Lakini juu zaidi, kule msitu unakoanzia, uzi mmoja mwembamba wa moshi ukitokea mahali pasipo nyumba, moyo wa mwenye busara hushtuka. Kumbe si kila moshi ni habari. Moshi huwa habari unapotoka mahali ambapo hapana mtu wa kuujibia.

Makala hii inahusu mtu ambaye kazi yake ni kutofautisha moshi na moshi, yaani rubani wa doria ya moto wa misitu. Huenda wengi wa wanafunzi wetu hawajapata kuisikia kazi hiyo, maana rubani akitajwa wao hufikiri abiria na viwanja vikubwa vya ndege. Hata hivyo, kazi hii inaibua swali la maadili linalomhusu kila mwananchi, hata yule ambaye hatapanda ndege maisha yake yote. Swali lenyewe ni hili: mtu aonaye hatari kutoka mbali, naye hawezi kuiondoa kwa mikono yake mwenyewe, ana wajibu gani? Na wale walio karibu, wenye mikono, wana wajibu gani wanapoambiwa?

Kazi hii si ngeni duniani. Mwaka 1919, mara baada ya Vita Kuu ya Kwanza, marubani wa jeshi la Marekani walianza kuruka juu ya misitu ya California wakati wa kiangazi, wakiutafuta moto kabla haujakua. Mwaka 1924 serikali ya jimbo la Ontario, nchini Kanada, iliunda kikosi chake cha ndege ambacho ulinzi wa misitu ulikuwa miongoni mwa kazi zake kubwa. Tangu hapo, katika nchi zenye misitu mikubwa, hii imekuwa aghalabu kazi ya msimu: rubani huajiriwa ukame uingiapo, na mvua zirudipo huagwa akatafute riziki kwingine. Kwetu Afrika Mashariki ndege ndogo zimekuwa chombo cha wahifadhi kwa miaka mingi. Mara nyingine rubani huwa ni mhifadhi mwenyewe, ambaye katika safari moja huhesabu wanyama, huwatafuta majangili na kuangalia moto.

Mlima Kilimanjaro wenyewe ulipigwa picha kutoka angani na rubani wa Uswisi, Walter Mittelholzer, mwezi Januari 1930. Yeye aliutafuta uzuri wake. Mwaka 2001 ndege ndogo iliizunguka misitu ya mlima huu kwa kusudi jingine, nalo ni kuyatafuta majeraha yake. Waliokuwamo waliandika waliyoyaona: miti ya asili iliyokatwa kwa maelfu, matanuri ya mkaa, mashamba yaliyofunguliwa ndani ya msitu, na makovu ya moto katika sehemu za juu. Mambo hayo mengi hayakuonekana kutoka barabarani, maana msitu ni pazia. Ukiutazama kwa chini huona ila ukuta wa kijani, na nyuma ya ukuta huo lolote laweza kutendeka.

Yafaa tueleze kidogo ugumu wa kazi hiyo, ili asije mtu akadhani kwamba ni matembezi. Mji wa Moshi uko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na kilele cha Kibo kiko mita 5,895. Baina ya hapo umo mshipi wa msitu uliopasuliwa na makorongo, na juu ya msitu yamo maeneo ya vichaka na nyasi, ambayo hukauka upesi na kuwaka upesi. Kadiri ndege ipandavyo, hewa hupungua. Ikifika karibu mita 5,500 hewa huwa nusu tu ya ile ya pwani. Injini ya kawaida hulegea, mabawa hayapati cha kushika, na rubani mwenyewe, asipokuwa na hewa ya akiba, huanza kufikiri polepole bila ya kujua kwamba anafikiri polepole. Upande ulioupa upepo kisogo hewa hushuka kwa nguvu, na inaweza kuishusha ndege pamoja nayo. Tena mawingu hayangoji. Siku nyingi, kabla ya adhuhuri, upande wa kusini hujifunika, na jicho halina kazi tena. Kwa hiyo hana budi kuondoka alfajiri, saa ile ile ambayo majiko yote ya vihambani yanafuka, na ukungu nao unapanda kutoka mabondeni ukijifanya moshi. Atautazama mara ya pili, na pengine mara ya tatu. Ukungu hupanda ukayeyuka, lakini moshi una shina.

Tulipolizungumza jambo hili darasani, mwanafunzi mmoja aliuliza swali ambalo wenzake walilicheka. Aliuliza: "Mwalimu, kama rubani ameruka siku tisini na hakuona moto hata mmoja, je, amefanya kazi?" Swali hilo halistahili kuchekwa. Tumezoea kuipima kazi kwa zao lake. Mkulima huonyesha magunia, seremala huonyesha meza, na mwalimu naye huulizwa idadi ya waliofaulu. Mlinzi hana cha kuonyesha ila kutokuwapo kwa kitu. Mtoto aliyewekwa kuamia ndege katika shamba la mpunga kule tambarare hurudi jioni bila mzigo begani. Tukimwona ameketi twasema anacheza. Ndege wakisha kula ndipo tutambuapo kwamba palikuwa na kazi pale. Basi ulinzi ni kazi ijulikanayo kwa kushindwa kwake, na jamii isiyojihadhari huwasifu waliozima moto na kuwasahau waliouzuia usiwake.

Lakini swali la mwanafunzi yule lina makali upande wa pili pia. Tuseme rubani amerudi na kuandika katika daftari lake: "Hakuonekana moto." Maneno hayo yana maana mbili. Yaweza kuwa na maana kwamba alitazama na moto haukuwapo. Yaweza pia kuwa na maana kwamba hakutazama. Asubuhi ile upepo ulikuwa mbaya katika korongo moja, naye akalikwepa, akajiambia kwamba jana palikuwa shwari na leo patakuwa shwari. Nani atambishia? Hapana shahidi kule juu. Mshona nguo akidanganya, nguo itapasuka kesho. Mlinzi akidanganya, yumkini kesho hapatatokea lolote, na uongo wake utapita kama kweli. Kwa hiyo tunasema kwamba ulinzi, kuliko kazi nyingine nyingi, hauna mtaji ila uaminifu. Rubani aliyelipitia korongo lile akaandika kwamba hakuona moto, na yule asiyelipitia akaandika vivyo hivyo, wameandika maneno yale yale, ila mmoja amefanya kazi na mwingine ameiba.

Tuseme sasa kwamba rubani ni mwaminifu, na ameona. Je, kuona kwake kumetosha? Hapa matukio ya miaka ya karibuni yanatufundisha. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto uliwaka mahali paitwapo Whona, baina ya vituo vya Mandara na Horombo. Taarifa ya awali ya Shirika la Hifadhi za Taifa ilieleza kwamba ulitokana na wapagazi waliokuwa wakipasha moto chakula cha wageni, bila ya kukusudia madhara. Moto huo haukuhitaji rubani wa kuugundua. Usiku watu wa Moshi waliuona kwa macho yao ukiwa kama mkufu mwekundu shingoni mwa mlima, na picha zake zikaenea dunia nzima. Macho hayakupungua; kilichohitajiwa kilikuwa mikono. Walipanda mamia ya watu: askari wa hifadhi, wanafunzi wa Chuo cha Wanyamapori cha Mweka, wafanyakazi wa utalii na wananchi wa vijiji. Walipigana nao katika baridi na hewa nyembamba, mahali ambapo gari halifiki na maji ni ya kubebwa. Hata ulipokwisha, yapata kilomita za mraba 95 zilikuwa zimeungua. Miaka miwili baadaye, mwezi Oktoba 2022, moto mwingine ulianza karibu na kituo cha Karanga, na mamia wakapanda tena.

Siku hizi kuna setilaiti zinazopita juu ya dunia mara kadhaa kwa siku na kuyatambua maeneo yenye joto la moto. Wapo wasemao kwamba muda si mrefu rubani wa doria hatakuwa na kazi. Huenda ikawa hivyo. Lakini jambo hilo halilipunguzi swali letu, bali linalikuza. Kadiri macho yanavyozidi kuwa mengi na makali, ndivyo udhuru wa kusema "hatukujua" unavyotoweka. Jicho, liwe la mtu, la ndege au la setilaiti, halizimi moto. Jicho hukopesha habari, na habari ni deni. Rubani hulilipa deni lake anapoitoa habari upesi na kwa usahihi kupitia redio ya upepo. Tangu hapo deni ni la aliyeipokea.

Tumesema kwamba moshi huwa habari pale ambapo hapana wa kuujibia. Neno hilo tulirudie, kwa maana ndani yake mna kiini cha jambo. Desemba 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, Luteni Alexander Nyirenda aliusimika Mwenge wa Uhuru juu ya kilele cha Kibo. Taifa letu, basi, katika siku yake ya kwanza, liliupeleka moto juu ya mlima huu kwa hiari yake. Moto ule haukuunguza kitu. Ulikuwa na mwenyewe: ulibebwa na mkono uliojua unabeba nini na kwa ajili ya nani. Moto wa jikoni nao una mwenyewe, yaani mama aliyeuwasha, ambaye haondoki mpaka ameufukia majivuni. Moto wa msituni kwa kawaida ni moto ulioachwa. Mrina asali huwasha kijinga awafukize nyuki, akashuka na asali yake. Mchoma mkaa hulifunika tanuri lake, akaondoka. Mpagazi hupasha chakula, akasikia anaitwa, akauchukua mzigo wake. Kila mmoja wao alikuwa na haja ya haki au ya kueleweka: tamu, joto, chakula, senti chache. Wala si lazima awepo adui aliyekusudia kuuangamiza mlima. Kosa lao ni moja, nalo ni kuuacha moto ukiwa yatima. Kutoka angani rubani huuona moshi wa yatima huyo, lakini hamwoni mzazi wake. Hilo ni jambo lisilowezekana kwa ndege yoyote. Mzazi wa moto hujulikana na majirani tu.

Hapo tunakutana na swali gumu zaidi, ambalo tungekosa uaminifu tukilikwepa. Ikiwa moto usio na mwenyewe ni hatari, je, msitu usio na mwenyewe? Sehemu za msitu wa Kilimanjaro ziliwekwa chini ya ulinzi tangu enzi ya Wajerumani, na mwaka 1921 Waingereza wakautangaza kuwa msitu wa akiba. Mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa nusu maili pembezoni mwa msitu, ukawekwa chini ya mamlaka ya Wachaga wenyewe, ili wananchi wapate kuni, majani na mbao. Mwaka 1973 hifadhi ya taifa iliundwa katika sehemu za juu, nayo ikafunguliwa rasmi mwaka 1977. Mwaka 2005 mipaka ya hifadhi ilishushwa ikauzingira msitu wa akiba pia. Kila hatua ilikuwa na sababu zake, na nyingine zilikuwa sababu nzito. Lakini mama wa Old Moshi aliyezoea kuingia msituni kutafuta kuni bila hofu, kisha akaambiwa kwamba mguu wake ni kosa, hana budi kujiuliza: msitu huu ni wa nani? Akijibiwa kwamba ni wa serikali, kuna hatari moja. Katika vinywa vya watu wengi neno "cha serikali" maana yake ni "si changu". Naye mtu hapandi mlima usiku kwenda kuzima kisicho chake.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba wananchi walipokuwa na njia ndio waliokata mikulo, ndio waliochoma mkaa; kwamba ile safari ya mwaka 2001 ilishuhudia; na kwamba ukimpa mtu haki katika msitu umempa shoka. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake, wala si busara kulijibu kwa maneno matamu. Ni kweli kwamba shoka halikutoka mbinguni. Lakini la kuzingatia ni kwamba ulinzi usio na jirani nao umejaribiwa, na moto uliwaka vilevile. Askari wachache hawawezi kuuzunguka mlima mzima, na rubani hawezi kutua juu ya mti amkamate mtu mkono. Tena ni hao hao majirani tunaowakimbilia siku ya moto. Si haki kumwita mtu ndugu unapoungua na kumwita mwizi unapopoa.

Jibu, kwa maoni yetu, halina haja ya kutafutwa mbali, maana limechimbwa katika ardhi ya Old Moshi yenyewe. Mababu wa Uchagani walichimba mifereji inayotoa maji katika makorongo na kuyapeleka vihambani. Mfereji una mzee wake na una zamu zake. Mwenye zamu hupata maji, na mwenye kupata maji hutoka siku ya kuusafisha. Banio likivunjika, yowe hupigwa na watu hutoka na majembe. Asiyetoka hutozwa faini au hukosa zamu. Hakuna aliyekaa akaandika kitabu cha falsafa juu ya jambo hilo, lakini falsafa imo: haki na wajibu ni kingo mbili za mfereji mmoja. Ukibomoa ukingo wa haki, maji humwagika upande huu. Ukibomoa ukingo wa wajibu, humwagika upande ule. Kwa vyovyote shamba hukauka. Aliyepewa wajibu wa kuulinda msitu bila haki yoyote ndani yake ni mtumwa, na aliyepewa haki bila wajibu ni mporaji. Wote wawili hawafai kuwa walinzi.

Na kinacholindwa si kitu cha kutazamwa tu. Watu wengi wakiwaza maji ya Kilimanjaro huwaza theluji. Mtafiti Andreas Hemp, aliyeichunguza misitu ya mlima huu kwa miaka mingi, alieleza mwaka 2005 kwamba moto wa sehemu za juu umeudhuru mgawo wetu wa maji kuliko kuyeyuka kwa barafu. Miti ya jamii ya Erica, iotayo mpakani mwa msitu wa juu, huyanasa mawingu. Ukungu ukipita hugeuka matone katika matawi na ndevu za miti, ukadondoka ardhini, ukawa chemchemi. Miti hiyo ikiungua mara kwa mara hubaki vichaka na nyasi, na mawingu hupita juu yake bila kuacha kodi. Maji ya mlima huu hushuka Nyumba ya Mungu, yakaingia katika mto Pangani, yakazungusha mitambo ya umeme ya Hale, yakafika baharini. Mtu wa Tanga awashaye taa yake usiku hajui jina la mrina asali aliyeukumbuka moto wake akarudi kuuzima. Hata hivyo ni jirani yake, na taa ile ni shukrani asiyojua kuitoa.

Basi tumrudie rubani wetu. Mvua za vuli zinapoanza, msimu wake umekwisha. Huitua ndege yake, huandika mistari yake ya mwisho katika daftari, akaenda zake. Hapatakuwa na jiwe la kumbukumbu kwa ajili ya moto ambao haukuwaka. Tukitaka kumlipa, hatuna njia ila moja, nayo ni kuhakikisha kwamba alichokiona hakikuonwa bure. Kwa hiyo swali tulilolianza twaweza kulijibu hivi. Aonaye kutoka mbali ana wajibu wa kutazama kweli hata pasipo shahidi, na kusema upesi hata kama habari si njema. Aliye karibu ana wajibu wa kutoka. Lakini taifa lina wajibu wa tatu, unaoitangulia miwili hiyo, nao ni kuhakikisha kwamba aliye karibu ana sababu ya kutoka. Kwamba akiutazama msitu juu ya kihamba chake aseme "ni wetu", na neno hilo liwe kweli katika sheria na kuni, si katika hotuba tu.

Kesho alfajiri moshi utafuka tena juu ya vihamba vya Old Moshi. Rubani akipita atautazama, ataona kwamba chini ya kila uzi wa moshi ameketi mtu anayeuchunga moto wake, naye ataendelea na safari. Huo ndio ulinzi ulio bora kuliko wote, na wenye kuufanya hawakuajiriwa na mtu.